GARI LA WAGONJWA LISIGEUKE GARI LA MARADHI

Mashauri kwa wahudumu wa magari, na kwa kila mtu apelekaye mgonjwa hospitali, kando ya ziwa huko Asembo Bay

Hapo zamani mtu wa Asembo Bay aliyetaka kwenda Kisumu aliingojea meli ya Shirika la Reli, akavuka ghuba pamoja na mizigo yake. Siku hizi barabara ndiyo njia kuu. Mgonjwa akizidiwa usiku hutolewa kijijini kwa pikipiki, au kwa mtumbwi, au kwa kitanda kilichobebwa mabegani na vijana wanne, hata afikishwe mahali ambapo gari la wagonjwa laweza kumpokea. Kutoka hapo hupelekwa Madiany, Lwak, Bondo au Siaya. Ikiwa hali yake ni mbaya sana hupelekwa Kisumu, katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita “Russia” kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969.

King’ora cha gari hilo kisikikapo, watu hupisha njia na wenye magari mengine husogea kando, kwa maana kila mtu ajua kwamba ndani yake mna roho ya mtu inayopiganiwa. Jambo hilo ni jema. Walakini ni wachache wanaojiuliza swali la pili: Gari hilo likisha kumshusha mgonjwa, linarudi na nini?

Maradhi Hayashuki Pamoja na Mgonjwa

Chukua mfano wa siku moja ya kazi. Asubuhi gari linampeleka hospitali mzee anayeharisha na kutapika. Saa sita mchana linaitwa tena kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Jioni linambeba mtoto aliyeungua kwa maji ya moto. Watu hawa watatu hawajuani, wala hawakai kijiji kimoja, wala hawakula chakula pamoja. Lakini wote wamelala juu ya godoro moja la machela, wamefungwa kwa mikanda ile ile, na kushikwa kwa mikono ya mhudumu yule yule. Ikiwa godoro halikuoshwa na mikono haikunawiwa, basi ugonjwa wa mzee umepata njia ya kumfikia mama, na mtoto mchanga aliye tumboni, na yule mwenye kidonda kibichi.

Tena wako watu wengine walio hatarini, nao ni dereva na mhudumu wenyewe. Hao hurudi nyumbani jioni, wakapokewa na watoto wao, wakala kwa mikono yao. Mtu aliyefanya kazi njema mchana kutwa asiwe ndiye mleta msiba nyumbani kwake usiku.

Vijidudu vya maradhi havina haraka. Damu ikauke juu ya chuma cha machela, mtu akaidhania ni kutu tu. Kumbe virusi vya homa ya ini ya aina ya B vyaweza kukaa ndani ya damu hiyo kavu vikiwa hai kwa muda wa siku 7 au zaidi. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo mgonjwa huvitoa akikohoa, huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Na gari lililofungwa madirisha yake yote ni chumba kidogo kuliko vyote.

Somo la Mwaka 1997

Watu wa Nyanza hawana haja ya kuelezwa kwa mifano ya mbali. Katika mwezi wa Juni mwaka 1997 kipindupindu kilizuka, na kufikia Machi 1998 wagonjwa 14,275 walikuwa wamelazwa katika hospitali za mkoa huo. Kati yao walikufa 547, yaani karibu watu 4 katika kila 100.

Wataalamu walipowachunguza wagonjwa na kuwalinganisha na watu wazima wa afya, waliona kwamba mambo matatu yaliwatia watu hatarini. La kwanza lilikuwa kunywa maji ya ziwa au ya kijito. La pili lilikuwa kula chakula pamoja na mtu anayeharisha. La tatu lilikuwa kuhudhuria karamu za matanga. Msomaji atatambua mara moja kwamba mambo hayo yote matatu ni ya maisha ya kila siku, tena mawili ya mwisho ni ya upendo: mtu anakula na ndugu yake aliye mgonjwa, na mtu anakwenda kumlilia jirani yake. Kipindupindu hakikupita kwa watu wabaya. Kilipita kwa watu wenye huruma ambao mikono yao haikuwa safi.

Basi, kazi ya kumbeba mgonjwa nayo ni kazi ya huruma, na hatari yake ni ile ile.

Mikono Kwanza

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis alisumbuliwa na jambo moja. Kina mama waliozalishwa na madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Mwisho alitambua kwamba madaktari walitoka katika chumba cha kupasulia maiti wakaingia moja kwa moja wodini. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa kina mama zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu katika kila 100. Dawa haikubadilika, wala majengo hayakubadilika, ilibadilika mikono.

Mhudumu wa gari yampasa kunawa mara tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kumchoma sindano au kusafisha kidonda, baada ya kuguswa na damu, matapishi au uchafu wowote wa mwili, baada ya kumwacha mgonjwa, na baada ya kushika vitu vilivyomzunguka, kama machela na blanketi. Kunawa kwa sabuni na maji kuchukue sekunde 40 hadi 60, na kusugua mikono kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30. Njiani maji ni haba, kwa hiyo chupa ya dawa hiyo iwemo garini siku zote. Lakini mikono inayoonekana kuwa na uchafu, au iliyomhudumia mtu anayeharisha, na inawiwe kwa sabuni na maji.

Glavu Si Ngozi ya Pili

Watu wengi hudhani kwamba mtu akivaa glavu amekwisha jikinga. Hilo ni kosa. Glavu humkinga aliyeivaa kwa muda tu, na kama hakuangalia, huwadhuru wengine wote. Mhudumu amfunge mgonjwa anayetoka damu, kisha kwa glavu zile zile afungue mlango, ashike simu, aitengeneze barakoa yake usoni, na dereva naye aushike usukani: gari zima limekwisha pakwa damu, nao wanajiona wako salama. Kanuni ni fupi. Glavu za mgonjwa mmoja ni za mgonjwa huyo mmoja. Huvuliwa kabla ya kushika kitu safi, hutupwa mahali pake, na mikono hunawiwa baada ya kuzivua. Dereva aliyesaidia kubeba machela azivue kabla ya kukaa kwenye usukani.

Ikiwa damu au matapishi yaweza kuruka, mhudumu ahitaji pia aproni ya plastiki, na kitu cha kukinga macho na uso.

Kuhusu mgonjwa anayekohoa, mambo ni matatu. Mgonjwa avalishwe barakoa, kama aweza kupumua nayo. Mhudumu avae barakoa ile nzito iitwayo N95, inayobana vizuri usoni, kwa maana barakoa ya kawaida haizuii vema vijidudu vya kifua kikuu. Na madirisha yafunguliwe. Upepo wa ziwa haununuliwi, nao hufukuza vijidudu vielevyo hewani. Kama kuna dirisha dogo kati ya dereva na mgonjwa, hilo lifungwe. Mafunzo hayo watu wengi waliyasikia ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020. Yasisahauliwe kwa sababu tangazo limenyamaza.

Sindano Isirudishwe Kifunikoni

Gari likikimbia katika barabara yenye mashimo, mkono hutikisika. Mhudumu anayejaribu kurudisha sindano katika kifuniko chake hujichoma kidole. Sindano iliyotumika haina kurudishwa, kupindwa wala kuwekwa kitini. Hutiwa mara moja katika kisanduku chake kigumu, na kisanduku kikijaa robo tatu hufungwa.

Hatari yenyewe na ijulikane kwa hesabu, ili mtu asipuuze wala asihofu kupita kiasi. Katika watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, kama 3 ndio huambukizwa. Lakini kwa homa ya ini ya aina ya B, mtu asiyechanjwa aweza kuambukizwa mara 6 hadi 30 katika kila 100. Kwa hiyo kila mfanyakazi wa gari, dereva pia, achanjwe chanjo ya homa ya ini, ambayo kwa kawaida ni sindano tatu. Na aliyechomwa asifiche kwa aibu. Aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji, asipakamue, kisha atoe taarifa siku ile ile. Dawa za kuzuia Ukimwi zianzwe upesi iwezekanavyo, wala zisichelewe kupita saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Aliyenyamaza siku nne amekwisha kuifunga njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Kuosha Gari, na Mahali pa Kuliosha

Kazi ya safari haiishi mgonjwa anapopokewa hospitalini. Huisha gari likisha oshwa. Milango yote ifunguliwe, hewa ipite. Shuka zitolewe, zitiwe mfukoni, zisikung’utwe. Damu au matapishi yafunikwe kwa kitambaa, yamwagiwe maji ya klorini ya nguvu ya asilimia 0.5, yaachwe dakika 10, ndipo yafutwe. Kisha pahali pote paoshwe kwa sabuni, kuanzia juu kwenda chini na kuanzia palipo safi kwenda palipo pachafu, bila kusahau mikanda, vishikio vya mlango na magurudumu ya machela. Baada ya sabuni ndipo klorini ipakwe tena, iachwe dakika 10, na vyuma vifutwe kwa maji safi visiliwe na kutu. Kuanza na klorini juu ya uchafu ni kupoteza dawa, kwa kuwa uchafu huila nguvu yake.

Dawa ya klorini ya madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa hivi: kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 6 vya maji, ndipo ipatikane ile ya asilimia 0.5. Ichanganywe upya kila siku, maana nguvu yake hupungua. Wala isitiwe pamoja na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu yaweza kutoa hewa ya sumu. Kwa uchafu wa mgonjwa wa kipindupindu hutakiwa mchanganyiko mkali zaidi, na Bwana Afya ndiye wa kuuonyesha.

Hapa pana jambo lihusulo watu wa kando ya ziwa hasa. Ni desturi ya wenye magari wengi kuyapeleka ufukoni yakaoshwe, kwa sababu maji ni mengi na ni ya bure. Gari la wagonjwa lisioshwe ziwani kamwe. Ndoo ya mgonjwa anayeharisha isimwagwe ufukoni wala mtaroni, bali itiwe dawa na kumwagwa chooni. Kumbuka yaliyoonekana mwaka 1997: wanywao maji ya ziwa ndio waliokuwa hatarini. Anayesuuza machela ya kipindupindu ziwani asubuhi huwapelekea ugonjwa ule ule akina mama watakaochota maji hapo jioni, nalo gari litaitwa tena kuwachukua.

Jamaa, Pikipiki na Mtumbwi

Mtu aweza kusema, “Mimi si mhudumu wa gari, mambo haya hayanihusu.” Yanamhusu sana. Mara nyingi mgonjwa amekwisha kubebwa na nduguze kabla gari halijaonekana. Watu wa visiwani hutangulia kuvuka maji kwa mashua, na huko Luanda Kotieno wako wavukao kwa feri kwenda Mbita na kurudi. Mashua, pikipiki na feri vyote hugeuka magari ya wagonjwa siku ya shida.

Basi yafaa jamaa mmoja tu amsindikize mgonjwa, wala si watano. Apewe glavu, au akizikosa, mifuko safi ya plastiki mikononi, na anawe kwa sabuni mara akisha kumshusha. Anayeharisha awekewe plastiki chini na ndoo yenye kifuniko. Anywe maji ya chumvi na sukari ya dawa njia nzima, maana wa kipindupindu huuawa na ukavu wa mwili. Mwenye pikipiki aoshe kiti kabla ya kumchukua abiria mwingine. Na yeyote aliyembeba mgonjwa asitie mkono katika sahani ya watu wote kabla ya kunawa, hata kama ana njaa na hata kama wenyeji wanamhimiza.

Magonjwa Makali Mno

Yako maradhi ambayo kwayo kosa moja latosha. Mwezi wa Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari huko magharibi mwa Kenya alishikwa na ugonjwa wa Marburg, akapelekwa Nairobi, akafa. Daktari Shem Musoke aliyemhudumia aliugua baada ya siku chache. Kwa bahati njema alipona. Huko Gulu, Uganda, Ebola ya mwaka 2000 iliwapata watu 425 na kuwaua 224. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000. Ebola ilipotokea tena Uganda mwezi wa Septemba 2022, wafanyakazi 19 wa afya waliambukizwa, na 7 wakafa.

Mpaka wa Uganda hauko mbali na Siaya. Kwa hiyo mtu akiwa na homa kali, akatoka damu au akatapika bila kukoma, naye ametoka mahali penye ugonjwa wa namna hiyo, asichukuliwe na gari la kawaida. Wenye kazi wapigiwe simu kwanza, nao watume gari lenye watu waliofundishwa kuvaa na kuvua mavazi kamili ya kujikinga. Kuvua ndiko kugumu kuliko kuvaa. Kufanyike taratibu, mwenzake akimtazama. Na maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa kama huo, au kwa kipindupindu, isioshwe wala kubebwa na jamaa bila Bwana Afya, kwa maana aliyekufa bado aweza kuambukiza.

Watu Waulize Nini Barazani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya magari ya wagonjwa mikononi mwa serikali za kaunti. Gari jipya likiletwa, watu hushangilia na kulizunguka. Hiyo ni haki yao. Lakini wazee na wenye kodi wakikutana barazani, wasiulize tu, “Magari ni mangapi?” Waulize pia: Je, lina sabuni na tangi la maji? Glavu zimo, au zimekwisha? Wahudumu wamechanjwa? Liko wapi sinki la kunawia na sakafu ya kuoshea gari, iliyo mbali na ziwa? Mhudumu hawezi kulaumiwa kwa mikono michafu kama hakupewa cha kunawia. Wala hawezi kusifiwa aliyepewa vyote akavifungia kabatini.

Watu wa Asembo wenyewe wamekwisha kuionyesha dunia kwamba kinga ndogo yaweza kuokoa wengi. Katika miaka ya 1990 vijiji vya Asembo na Gem vilijaribiwa vyandarua vilivyotiwa dawa ya mbu, na vifo vya watoto wachanga na wadogo vikapungua kwa 16 katika kila 100. Tena wachunguzi waliona ajabu: nyumba zisizo na vyandarua, zilizokuwa karibu na zenye vyandarua, nazo zilipata nafuu. Aliyejikinga alimkinga jirani yake bila kujua.

Gari lililooshwa nalo ni vivyo hivyo. Mama atakayelala ndani yake kesho usiku hatamjua mzee aliyelala humo leo, wala hatajua ni nani aliyekisugua kile chuma kwa sabuni jua likizama. Atafika Kisumu, atajifungua, na kurudi kwao na mtoto mzima.